Jinsi ya kuandaa kipindi cha redio kuhusu Tuzo ya Mo Ibrahim

Vijana wanaokuja kwetu Dodoma kwa mafunzo kwa vitendo huniletea wazo hili karibu kila msimu: "Dada, tufanye kipindi cha ile tuzo ya kimataifa ya utawala bora na amani." Wazo sina neno nalo. Shida iko kwenye karatasi wanayokuja nayo kesho yake: jina, nchi, mwaka, jina, nchi, mwaka, mpaka mwisho wa ukurasa. Ukisoma hivyo hewani, msikilizaji wa Bahi amehamia kwenye taarabu hata Botswana hujafika.

Basi nimeandika hapa namna ninavyokiandaa mimi kipindi cha Tuzo ya Mo Ibrahim, ile wanayopewa wakuu wa nchi za Afrika walioongoza vizuri na kuondoka madarakani. Ni kipindi cha nusu saa, ila ukitoa matangazo ya biashara, utambulisho wa kituo na wimbo wa katikati unabaki na dakika kama 22 za kuongea. Hazitoshi kusema kila kitu, na ni heri iwe hivyo.

Anza na miaka isiyo na mshindi

Chukua karatasi ya manila, ibandike ukutani, andika miaka kuanzia 2007 hadi 2020, mmoja chini ya mwingine. Mbele ya kila mwaka andika aliyeshinda. 2007, Joaquim Chissano wa Msumbiji. 2008, Festus Mogae wa Botswana. 2011, Pedro Pires wa visiwa vya Cape Verde. 2014, Hifikepunye Pohamba wa Namibia. 2017, Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia. 2020, Mahamadou Issoufou wa Niger. Miaka mingine iache wazi.

Sasa rudi nyuma hatua mbili uitazame. Duru 14, washindi 6, nafasi 8 hazina mtu. Kipindi chako kiko kwenye hizo nafasi 8. Tuzo nyingi duniani lazima zipate mtu kila mwaka, kwa sababu ukumbi umeshalipiwa na wageni wameshaalikwa. Hii kamati yake hukutana, huangalia nani ameondoka madarakani, na ikiona hakuna anayefikia kiwango hutangaza hivyo hadharani. Ndivyo ilivyokuwa 2009, ikawa tena 2010, kisha 2012 na 2013, 2015 na 2016, 2018 na 2019. Nafungua kipindi na swali hili: tuzo ya Afrika yenye fedha nyingi hivi inakosaje mtu wa kuipokea? Halafu nakaa kimya sekunde mbili. Fundi mitambo wetu haupendi ukimya, anadhani waya umekatika, kwa hiyo mwambie mapema.

Kwa msikilizaji wa Tanzania, mwaka mtupu wa kukaa nao zaidi ni 2009. Mwaka ule tuzo haikupata mtu, na Novemba yake taasisi inayoitoa ikaja kufanya mkutano wake mkubwa Dar es Salaam. Mgeni kafika, zawadi mkononi hana. Mwaka 2007 sherehe ilikuwa Alexandria na Chissano yupo, 2008 ikawa Addis Ababa na Mogae yupo. Zamu ya Dar es Salaam watu wakabaki kuzungumza habari za uongozi bila mshindi wa kumpigia makofi. Mkanganyiko huo ndio wa kusimulia, msikilizaji atauona mwenyewe bila wewe kuweka chumvi.

Hapo hapo kuna mtego. Katika miaka 3 kabla ya uamuzi ule, waliotoka madarakani ni pamoja na Olusegun Obasanjo wa Nigeria, Thabo Mbeki wa Afrika Kusini na John Kufuor wa Ghana. Unaweza kutaja kwamba walitoka. Usiseme "walinyimwa" wala "walishindwa", maana kamati haina desturi ya kueleza kwa nini fulani hakuchaguliwa. Mtangazaji anayejaza pengo hilo kwa hisia zake anaanza kusoma nyota, na sisi si kituo cha unajimu.

Jambo dogo la tarehe, ambalo huwagombanisha sana vijana wetu: mwaka wa tuzo na siku ya kutangazwa mara nyingi havilingani. Tuzo ya 2014 ilitangazwa Nairobi tarehe 2 Machi 2015. Ya 2017 ilitangazwa Februari 2018, na ya 2020 ikatangazwa Machi 2021. Kwenye skripti andika vyote viwili, mwaka wa tuzo kwanza, tarehe ya kutangazwa baadaye.

Masharti, kwa sauti ya polepole

Masharti ni machache na yanafaa kusomwa polepole, kwa sababu nusu ya maswali ya simu yatajibiwa humo. Mtu awe amewahi kuwa mkuu wa nchi au wa serikali Afrika mwenye madaraka ya utendaji. Awe ameondoka ndani ya miaka 3 iliyopita. Awe alichaguliwa kidemokrasia. Awe amekaa kwa muda ule tu ambao katiba inamruhusu. Na uongozi wake uwe wa kipekee.

Hakuna kujaza fomu wala kupendekezwa na chama. Ukishatoka madarakani na ukatimiza masharti, jina lako linaangaliwa, utake usitake. Mimi hupenda kulikazia hili, kwa sababu hapa kwetu mtu akisikia tuzo anafikiria barua za mapendekezo na nani anamjua nani.

Kamati ya mwanzo iliongozwa na Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Baadaye ikaongozwa na Mzee wetu Salim Ahmed Salim, Waziri Mkuu wa Tanzania 1984 hadi 1985, kisha Katibu Mkuu wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kuanzia 1989 hadi 2001. Ndiye aliyesimama Nairobi kulitangaza jina la Pohamba. Sehemu hii usiipitie haraka. Kuna wasikilizaji wanaodhani mambo haya hupangwa Ulaya na wazungu watupu, nao wakisikia jina la Salim wanaongeza sauti ya redio.

Mwenye fedha ni nani

Hapa tumia Celtel. Msikilizaji mwenye umri wa miaka 40 kwenda juu anazikumbuka zile vocha za kukwangua kwa kucha, na anakumbuka mtandao ule ulivyobadilika jina kuwa Zain, kisha Airtel. Mwambie kwamba aliyeanzisha Celtel mwaka 1998 ni Mohamed Ibrahim, huyo Mo mwenyewe, mhandisi mzaliwa wa Sudan aliyekulia Misri na kufanya kazi Uingereza, na kwamba mwaka 2005 kampuni hiyo iliuzwa kwa Wakuwait kwa dola bilioni 3.4. Mwaka uliofuata akaanzisha taasisi yake. Kwa maneno mengine, shilingi zetu za vocha nazo zimo humo ndani. Nikilisema hili hewani simu huanza kuingia kabla sijafungua mistari.

Hoja yake ilikuwa rahisi kueleweka. Rais wa nchi tajiri akistaafu ana mahali pa kwenda: ataandika kitabu cha maisha yake alipwe, atahutubia alipwe, ataingia kwenye bodi za makampuni. Rais wa nchi maskini akitoka Ikulu anatazama mbele haoni kitu, na wengine huamua kutotoka. Kwa hiyo aliyeongoza vizuri na akaondoka kwa hiari awekewe kitu cha kumkimu, apate na nguvu ya kuendelea kutumikia watu.

Taasisi hiyo hutoa pia takwimu za kupima utawala katika nchi za Afrika, ilianza nazo 2007. Zitaje kwa sentensi moja uendelee. Ukianza kusoma alama za nchi 54, kipindi kimekwisha.

Fedha zieleze kwa hesabu ya sokoni

Dola milioni 5 haziingii kichwani mwa mtu yeyote, hata mwangu. Zivunje. Zinalipwa kwa miaka 10, kwa hiyo ni dola 500,000 kwa mwaka. Tangu ilipoanzishwa, tuzo ilitangaza pia kwamba baada ya hapo mshindi atapata dola 200,000 kila mwaka maisha yake yote. Siku ya kurekodi angalia kiwango cha kubadilisha fedha cha Benki Kuu, usikitoe kichwani. Kwa mfano wa hesabu tu, dola moja ikiwa shilingi 2,500, mshindi anapata shilingi bilioni 1.25 kwa mwaka, kama milioni 104 kwa mwezi. Hiyo ya mwezi ndiyo isome hewani, uirudie mara mbili. Mtu anayeuza mahindi Kibaigwa anajua milioni 104 ni magunia mangapi kwa bei ya wiki hii, atajipigia mwenyewe.

Baada ya fedha, leta upande wa pili. Kuna wanaouliza kwa nini mtu alipwe mabilioni kwa kufanya kazi aliyoapa kuifanya. Kuna wanaosema anayeiba mamia ya mamilioni hatababaishwa na milioni 5. Mimi hoja ya pili naiona nzito kuliko ya kwanza, na huwa nasema hivyo, kisha namwachia mgeni wa studio abishe. Ukimwalika mhadhiri kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma, mpe swali hilo siku moja kabla. Akilisikia kwa mara ya kwanza hewani atakwambia "hilo ni swali zuri sana" na dakika 3 zitapita.

Mtu mmoja kwa kirefu, wengine kwa ufupi

Washindi 6 ukiwagawia muda sawa unatengeneza orodha upya. Chagua mmoja ukae naye. Kwa Dodoma mimi huchagua Chissano, na sababu yangu iko Kongwa.

Ukitoka Dodoma kwa barabara ya Morogoro, unakata pale Mbande, unaingia Kongwa. Huko ndiko Waingereza walikojaribu mradi wao wa karanga mwishoni mwa miaka ya 1940 ukawashinda. Miaka ya 1960 Serikali ya Mwalimu Nyerere ikayatoa maeneo hayo kwa wapigania uhuru. FRELIMO ya Msumbiji walikuwa na kambi Kongwa, SWAPO ya Namibia walikuwa na kambi, ANC ya Afrika Kusini vilevile. Wapiganaji wa SWAPO walioanza vita vya kumwondoa Kaburu ndani ya Namibia mwaka 1966 walipita Kongwa. Sasa rudi kwenye karatasi ya manila. Chissano ni wa FRELIMO. Pohamba ni wa SWAPO. Nelson Mandela, aliyepewa tuzo ya heshima mwaka 2007, ni wa ANC. Vyama vitatu vilivyowahi kupata hifadhi wilaya moja ya mkoa wetu vimetoa watu watatu kwenye ukuta huu. Sisemi kwamba wote watatu waliishi Kongwa, na wewe usiseme. Nasema vyama vyao vilikuwapo, na hilo linatosha kumfanya msikilizaji wa Mpwapwa aache jembe asikilize.

Ukiweza, nenda Kongwa na kinasa sauti umtafute mzee anayekumbuka kambi zile. Fika asubuhi, salimia kwa Kigogo hata kama unakijua kwa kuungaunga, kaa kwanza. Mzee asiulizwe habari za tuzo, hazimhusu. Muulize wale vijana wa kambini walikuwa wakinunua nini kijijini, walicheza mpira na nani, walizikwa wapi waliofariki. Dakika moja ya sauti hiyo chini ya jina la Chissano ina uzito kuliko aya nzima ya skripti.

Chissano mwenyewe ana mengi. FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962 naye aliishi pale kwa miaka ya harakati, ndiyo maana Kiswahili anakiongea. Julai 2004, kwenye mkutano wa wakuu wa Umoja wa Afrika Addis Ababa, aliamua kuhutubia kwa Kiswahili, watu wakashika vipokea sauti vyao wakatazamana. Kama kituo chako kina rekodi yake akiongea Kiswahili, iweke. Kisha simulia lililompa tuzo. Aliingia madarakani 1986 baada ya Samora Machel kufa kwenye ajali ya ndege, nchi ikiwa vitani. Oktoba 1992 mkataba wa amani na waasi wa RENAMO ukasainiwa Roma, vita vya miaka 16 vikaisha. Katiba ilimruhusu kugombea tena uchaguzi wa 2004, hakugombea. Mapema 2005 akamkabidhi nchi Armando Guebuza. Siku jina lake linatangazwa London, Oktoba 2007, yeye hakuwepo. Alikuwa kwenye kazi ya usuluhishi wa mgogoro wa kaskazini mwa Uganda, na siku hiyo alikuwa anatimiza miaka 68.

Wengine wape sentensi mbili mbili. Mogae, aliyeiongoza Botswana 1998 hadi 2008, alilikabili janga la UKIMWI waziwazi na nchi yake ikaanza kutoa dawa za kufubaza virusi bure. Pires alikuwa waziri mkuu tangu uhuru wa 1975, chama chake kikashindwa uchaguzi wa 1991, akaondoka, akarudi kwa kura kama rais 2001 na kutoka tena 2011. Huyo kutoka mara mbili kwa amani ndiyo habari yake. Pohamba aliiongoza Namibia kwa mihula yake 2 na akaishia hapo.

Kwa Sirleaf usiwe na haraka sana, kwa sababu yeye ana pande mbili na zote ni za kweli. Mwanamke wa kwanza kupata tuzo hii, na alikuwa ameshapata Nobel ya Amani mwaka 2011. Januari 2018 alimkabidhi madaraka George Weah. Liberia ilikuwa haijaona rais aliyechaguliwa akimpokea mwenzake aliyechaguliwa kwa amani tangu 1944. Hapo hapo, tume ya ukweli ya nchi yake mwaka 2009 ilipendekeza azuiwe kushika madaraka ya umma kwa sababu aliwahi kumuunga mkono kiongozi wa waasi Charles Taylor mwanzoni mwa vita, na alilaumiwa kwa kuwapa wanawe vyeo. Sema yote. Msikilizaji ni mtu mzima.

Issoufou mweke mwisho. Alimaliza mihula 2 Niger, Aprili 2021 akamkabidhi Mohamed Bazoum, na nchi haikuwahi kuona makabidhiano ya namna hiyo kati ya marais wawili waliochaguliwa. Tarehe 26 Julai 2023 wanajeshi wakampindua Bazoum. Zisome tarehe hizo mbili zikifuatana, bila kuongeza neno. Tuzo inampima mtu kwa alivyoondoka; nyumba aliyoiacha inabaki na wenyewe.

Desmond Tutu utamkuta kwenye orodha fulani mwaka 2012. Ile ilikuwa tuzo maalumu ya dola milioni 1 kwa kusema ukweli mbele ya wakubwa, ni nje ya hii ya marais. Usiichanganye.

Kabla ya kufungua simu

Maswali mawili yatakuja kama jua. La kwanza: mbona Nyerere hayumo? Jibu ni fupi. Aliondoka urais 1985, tuzo ilianza 2007, sharti ni miaka 3, naye alifariki 14 Oktoba 1999. Ongeza kwamba heshima za kimataifa alizipata: Tuzo ya Nansen ya wakimbizi mwaka 1983, na mwaka 1995 akawa mtu wa kwanza kupewa Tuzo ya Amani ya Gandhi na Serikali ya India. Mpiga simu ataridhika, na mwingine atapiga kukumbusha wakimbizi waliokuwa wanapita kijijini kwao.

La pili: mbona marais wetu wengine waliostaafu hawajapata? Hapo rudi kwenye kanuni ya kamati: haielezi sababu za mtu mmoja mmoja. Kisha mgeuzie mpiga simu: kwa masharti yale matano, wewe ungemtazama nani, na kwa lipi? Ataongea kwa hoja badala ya kulalamika. Msimu wa kampeni lakini usikifanye kipindi hiki kabisa. Kila jina litakalotajwa litageuka kura, na mezani kwako zitajaa barua.

Majina yafanyie mazoezi ukiwa umefunga mlango. Hifikepunye ni jina la Kibantu, lisome kama lilivyoandikwa, linateleza. Sirleaf hutamkwa "Sa-lifu", Mogae hutamkwa "Mo-khae" kwa kukwaruza kidogo kooni. Andika matamshi kwa kalamu nyekundu juu ya jina kwenye skripti, kwa sababu taa ikishawaka ulimi husahau.

Rekodi ihifadhi kwa jina linaloonyesha tarehe. Na siku mkitaka kukirudia hewani, angalia kwanza kama kuna mshindi mpya aliyetangazwa au mwaka mwingine mtupu, urekodi upya dakika ya kwanza. Zilizobaki zinaweza kukaa zilivyo.